Betri Kubwa, Betri Ndogo

Mwaka 2018 nilipoamua kununua Harrier ya haibridi, karibu kila niliyemwambia alinipa pole kabla gari halijapakiwa melini. Kaka yangu, ambaye ameendesha magari ya Toyota tangu enzi za Mark II, alinipigia simu usiku kunionya kwamba siku betri itakapokufa nitaliuza gari kwa kilo, kwa wanunua vyuma chakavu. Mwenzangu ofisini aliamini kwamba mvua za Dar es Salaam na umeme wa volti mia mbili na zaidi haviwezi kukaa mahali pamoja. Dalali mmoja wa magari pale Kinondoni alinikatia shauri kabisa: "Dada, chukua ya petroli tupu. Hiyo nyingine siku ukitaka kuuza, hata mimi sitaigusa."

Nilikuwa na sababu zangu. Ninaishi Mbezi, ofisi yetu iko Posta, na kazi yangu ni ukadiriaji majenzi, kwa hiyo siku nisipokuwa mezani niko barabarani kuelekea kwenye mradi wa mtu. Wakati ule daraja la juu la Ubungo lilikuwa halijakamilika. Asubuhi, kutoka Mbezi hadi mjini, ilikuwa ni kusimama, kusogea kidogo, kusimama tena. Gari langu la awali liliunguza mafuta huku limesimama, kiyoyozi kikilia na mshale wa joto ukipanda. Nilitaka gari linalozima injini lenyewe kwenye foleni bila kuninyima ubaridi. Nilitaka pia gari la kunifikisha Mafinga kwa wazazi bila kuhesabu sheli zilizoko njiani.

Lililokuja ni la mwaka 2014, toleo la tatu la Harrier, lile ambalo vijana wa mjini wamelibatiza Anaconda, kama walivyoliita la kabla yake Tako la Nyani. Toyota walilitengeneza kwa ajili ya soko la Japani, hivyo kila kilichoandikwa ndani yake ni Kijapani. Injini yake ina ujazo wa cc 2,493. Mbele kuna mota ya umeme inayosaidiana na injini, na nyuma kuna mota nyingine inayojitegemea, inayozungusha magurudumu ya nyuma bila propela shafti kupita chini ya gari. Chini ya kiti cha abiria wa nyuma ndiko inakokaa betri kubwa, ile iliyomkosesha kaka yangu usingizi. Kwa kuwa gari lilikuwa halijafikisha miaka minane, liliepuka ule ushuru wa uchakavu ambao TRA hutoza magari ya umri mkubwa zaidi, na nafuu hiyo ndiyo iliyonisaidia kufunga hesabu.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya kuzoeana. Kila nikiliwasha, sauti ya mwanamke ilitangaza kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Redio iliishia kwenye masafa ya 90, kwa sababu ndiko redio za Japani zilikoishia, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Fundi redio alifunga kifaa kidogo kwenye waya wa antena na tatizo likaisha. Lililonichukua muda zaidi ni ukimya. Unabonyeza kitufe, taa ya kijani iliyoandikwa READY inawaka, na hakuna kinachonguruma. Wageni niliowapa lifti waliniuliza mbona hatuondoki, na tayari tulikuwa tumeshatoka getini.

Ukimya huo una hatari yake kwenye vichochoro vyetu visivyo na njia za waenda kwa miguu. Gari linapokwenda taratibu kwa umeme hutoa mlio mwembamba wa kuwaonya watu, lakini mlio huo hauna nguvu mbele ya spika ya duka la vocha. Nilijizoeza kutotegemea kusikiwa. Hadi leo nikipita mahali wanapocheza watoto nateremsha kioo na kwenda mwendo wa mtu anayetembea.

Kwenye foleni ndiko nililielewa gari. Mahali ambapo gari la kawaida lina mshale wa mizunguko ya injini, hili lina mshale unaosafiri kati ya maeneo matatu: kuchaji, kubana matumizi, na nguvu. Ukikanyaga breki taratibu na mapema, mshale unashuka upande wa kuchaji, na mota ile ile iliyokuwa ikisukuma gari inageuka jenereta, inarudisha umeme kwenye betri. Ukisubiri mpaka dakika ya mwisho ukakanyaga kwa nguvu, pedi ndizo zinazofanya kazi, na nguvu ile inapotea kwa joto. Gari likanifundisha kutazama mbali: taa za Kimara zikiwa nyekundu kule mbele naachia mapema, nateleza, na injini inabaki imezima mpaka nitakapohitaji kuondoka kwa nguvu. Kampresa ya kiyoyozi haivutwi na mkanda wa injini. Ina mota yake inayotumia umeme wa betri kubwa, kwa hiyo ubaridi haukatiki.

Kwenye vipimo vya Japani toleo hili liliandikiwa kilomita 21.8 kwa lita. Kwa jua letu na foleni zetu mimi napata kama 13 au 14 mjini, na 16 hivi safarini nikiwa na subira. Gari langu la awali, dogo kuliko hili, halikuwahi kufika 10 mjini. Tofauti hiyo niliichukulia kawaida mpaka mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha mafuta na bei za EWURA zikavuka shilingi 3,000 kwa lita ya petroli. Ndipo wale walionipa pole walipoanza kuniuliza maswali mengine.

Lakini nisiishie kwenye mafuta, kwa sababu watu wengi huishia hapo na gari linawafia mikononi. Haibridi ina mahitaji machache tu ambayo gari la kawaida halina. Ni madogo, ya bei nafuu, na ndiyo yanayopuuzwa.

La kwanza ni vumbi. Mwaka ule ule nilioleta gari, serikali ilianza kupanua barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kufikia njia nane. Ni kazi nzuri, na leo naifaidi kila siku, lakini kwa muda mrefu Mbezi yote iliishi ndani ya wingu la vumbi jekundu. Betri kubwa haipozwi kwa maji. Inapozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari kupitia matundu yaliyo chini ya kiti cha nyuma, na hewa hiyo inasukumwa na feni. Kila vumbi linaloingia mlangoni, na kila unyoya wa zulia, mwisho wake ni pale.

Binti yangu ndiye aliyegundua. Tulikuwa tunarudi kutoka kwa shangazi yake, mchana wa jua kali, akasema, "Mama, kiti kinapumua." Nikaweka sikio. Kweli, chini yake kulikuwa na mvumo wa feni iliyokuwa ikizunguka kwa kasi yake yote, kasi ambayo sikuwahi kuisikia.

Wakati huo nilikuwa nimeshampata fundi. Nasema nimempata kwa sababu nilimtafuta kweli. Niliuliza gereji baada ya gereji swali moja tu: ukitaka kushika nyaya za rangi ya chungwa, zile za umeme mkubwa, unaanza na nini? Wengi walijibu kwamba wanachomoa terminali ya betri. Huyu, kijana aliyesomea umeme wa magari VETA Chang'ombe, alikwenda kabatini akatoa glavu nene za mpira, akazijaza hewa mbele yangu kuhakikisha hazina tundu, kisha akasema: "Dada, kwanza nazima gari na kuweka ufunguo mbali. Halafu nachomoa plagi ya usalama ya betri kubwa, nakaa dakika kumi umeme uliobaki kwenye inveta uishe, napima kwa mita, ndipo naanza kazi." Sikuhitaji kusikia zaidi. Inveta ya gari hili inaweza kupandisha umeme hadi volti 650. Mtu asiyejua hilo hapaswi kufungua hata boliti moja pale.

Alikunja kiti cha nyuma, akafungua vifuniko vya plastiki na kuniita nione. Kichujio kilikuwa kimegeuka kitambaa cha kijivu. Juu yake palikuwa na maganda ya karanga, nywele za kusuka, kifungo cha shati la shule na nyuzi za zulia. Nyuma yake, mapanga ya feni yalikuwa yamevaa ukoko mwekundu, unaofanana kabisa na udongo wa Kimara, na kila panga lilikuwa limenenepa kwa namna yake, ndiyo maana feni ilitetemeka. Akaichomoa, akaisafisha kwa brashi laini ya kupakia rangi, panga moja baada ya jingine, kisha akapuliza njia ya hewa. Kazi ya nusu saa. Tangu hapo kila tunapobadilisha oili ya injini tunasafisha na feni, na nimepiga marufuku kuweka mkoba au mto mbele ya yale matundu. Nikikutana na mtu amenunua haibridi, swali langu la kwanza huwa ni kama anajua matundu yake yako wapi. Mara nyingi hajui, na mara nyingi amefunika kiti kizima kwa kava zito lililoshuka mpaka chini, zuri kwa macho na kaburi kwa betri.

La pili ni betri ndogo. Watu wanaogopa betri kubwa na kuisahau hii ya volti 12 iliyo kwenye buti, ilhali gari zima linaanzia kwake. Haibridi hii haina starta wala oltaneta. Betri ndogo haizungushi injini, kazi yake ni kuamsha kompyuta, na kompyuta ndizo zinazofungulia umeme wa betri kubwa. Ikichoka kidogo tu, gari haliingii READY, au linawasha taa za ajabu za breki na usukani kwa wakati mmoja, na mwenye gari anaamini mfumo wote umekufa.

Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona na sisi tukafanyia kazi nyumbani, Harrier ilikaa uani siku nyingi bila kuguswa. Siku tuliyoihitaji haikuitika, na buti halikufunguka kwa kuwa kufuli lake ni la umeme. Jirani yetu alikuja na nyaya zake, akatafuta betri chini ya boneti asiione. Nilimpigia fundi, akanielekeza kwa simu hadi kwenye kisanduku cha fyuzi, ambako kuna kichwa cha chuma kilichofunikwa kwa plastiki, kwa ajili ya kubusti. Baada ya kuliwasha aliniambia nisilizime, niliache katika READY kama saa nzima ili betri kubwa iichaji ndogo. Akanionya pia nisikubali kulitumia kubusti lori la mtu, maana kifaa kinachopunguza umeme wa betri kubwa kuwa wa volti 12 hakikutengenezwa kwa mzigo huo.

Hiyo betri ndogo niliyoikuta ilikuwa bado ile ya Japani. Tulibadilisha, na fundi akasisitiza tupate yenye bomba la kutolea gesi nje, kwa kuwa inakaa ndani ya gari tunamovuta pumzi. Pale Kariakoo walitaka kuniuzia ya kawaida yenye ukubwa ule ule kwa bei nzuri. Tukaitafuta iliyo sahihi kwa wiki nzima, na sijutii.

Kwa upande wa breki, gari hili limenipunguzia gharama kuliko nilivyotarajia. Pedi zilizokuja nazo zilidumu miaka, kwa sababu sehemu kubwa ya kusimamisha gari inafanywa na mota. Ila kwa hewa yetu ya chumvi, breki isiyotumika sana inashika kutu. Vipini vinavyoteleza vya kalipa za nyuma vilikwama upande mmoja, tukagundua kwa sababu rimu moja ilikuwa ya moto na nyingine baridi. Sasa vinasafishwa na kupakwa grisi hata kama pedi ni nene. Kutoa hewa kwenye breki zake si kazi ya mtu mmoja kukanyaga na mwingine kufungua skrubu, kama tulivyozoea. Fundi anaunganisha kompyuta yake yenye programu ya Techstream, na gari lenyewe linaendesha pampu kwa hatua anazoziona kwenye skrini.

Safari za Mafinga ndizo zilizonifanya nilipende. Baada ya Mikumi, ambako vibao na matuta vinakulazimisha kwenda pole na injini huzimika yenyewe huku twiga wakila kando ya lami, unashuka Ruaha Mbuyuni kwenye joto na vitunguu vilivyopangwa barabarani, halafu unaanza kupanda Kitonga. Kwenye kupanda, mota zinasaidia mwanzoni, betri inashuka, kisha injini inabeba mzigo peke yake kwa sauti ambayo mtu asiyelijua gari angedhani inaumwa. Kurudi ndiko kuzuri. Malori yaliyotoka Tunduma yanashuka gia ya chini kabisa, magurudumu yao yakifuka moshi wa breki, harufu inajaa bonde zima. Mimi nashuka nyuma yao kwa kugusa breki kidogo kidogo, vipande vya betri kwenye skrini vikijaa kimoja baada ya kingine. Vikijaa vyote, gari haliwezi kupokea umeme zaidi, basi linaanza kuzungusha injini bila mafuta ili iwe ndiyo breki. Unasikia injini ikipanda ghafla wakati mguu haupo kwenye mafuta. Mara ya kwanza nilidhani kuna kitu kimevunjika, lakini mita ya matumizi ya papo hapo ilikuwa inaonyesha kwamba hakuna mafuta yanayotumika. Chini kule, nikisimama kununua vitunguu, rimu zinashikika kwa mkono.

Mvua nazo nilijifunza kuziheshimu kwa kipimo chake. Nyaya na betri zimefungwa vizuri. Mvua ya kawaida, hata dimbwi la kawaida, halina neno. Lakini betri iko chini ya kiti, si mbali na sakafu, na maji ya bonde la Jangwani yakishapanda barabarani sijawahi kuyajaribu. Nimeshawahi kuliacha gari kwa rafiki Magomeni nikaondoka kwa miguu hadi mahali penye usafiri. Gari la kawaida likiingia maji unapoteza mazulia na pengine injini. Hili linaweza kupoteza vyote vya bei kubwa kwa mara moja. Kwa sababu hiyo hiyo siruhusu mtu kuosha injini kwa mashine ya presha, hata vijana wa kuosha magari wakininunia.

Pigo kubwa zaidi halikutoka kwenye betri wala mvua, lilitoka kwenye gereji. Kiyoyozi kilipungua nguvu nikiwa mbali na fundi wangu, nikalipeleka gari mahali palipokuwa na bango la kujaza gesi. Walijaza, na wakaongeza oili ya kampresa. Ubaridi ulirudi. Miezi michache baadaye, siku za unyevunyevu, taa ya onyo ya pembetatu nyekundu ikaanza kuwaka asubuhi na kutoweka mchana. Fundi alisoma kodi P0AA6, ambayo maana yake ni kwamba umeme wa mfumo mkubwa unavuja kuelekea kwenye bodi. Alitenganisha kipande kimoja kimoja na kukipima kwa mita ya kupimia uvujaji, kwanza betri, kisha mota, kisha inveta. Alipofika kwenye kampresa mita ikaanguka. Kampresa hizi za umeme zina mota iliyozama ndani ya oili, hivyo zinahitaji oili maalumu isiyopitisha umeme, ile iliyoandikwa ND-11. Oili ya kawaida, inayofaa kabisa kwa gari linalotumia mkanda, inaondoa kinga ya nyaya zake. Tulilazimika kubadilisha kampresa na kuosha mabomba yote.

Hasira yangu haikuwa ya pesa tu. Vijana wale walifanya kazi kwa bidii na kwa nia njema, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwamba maandishi yale madogo yaliyobandikwa chini ya boneti yana maana. Magari haya yanaingia bandarini kila wiki. Wanaoyatengeneza wanajifunzia kwenye magari yetu, na wakati mwingine kwenye miili yao wenyewe, kwa sababu volti 244 za mkondo wa moja kwa moja hazitoi onyo. Fundi wangu amewahi kuletewa gari ambalo waya wa chungwa ulikuwa umeunganishwa kwa utepe wa gundi.

Kisha, mwaka 2023, betri kubwa ikafika mwisho wake. Haikuja kwa kishindo. Kwanza vipande vya betri vilianza kupanda na kushuka haraka mno: vimejaa Kimara, vimebaki viwili Ubungo, vimejaa tena kabla ya Magomeni. Injini ikawa haitulii kwenye foleni. Feni ikavuma hata asubuhi ya baridi, na tulikuwa tumetoka kuisafisha. Kilomita nilizopata kwa lita zikapungua kwa mbili tatu. Mwishowe skrini ikaandika ujumbe mrefu wa Kijapani, na kompyuta ya fundi ikatoa P0A80, kodi ambayo kila mwenye haibridi anaijua kwa moyo.

Niliomba kukaa pale siku ya kuifungua. Betri hiyo ni ya nikeli, imepangwa kwa vipande 34 ambavyo mafundi huviita seli, kila kimoja cha volti 7.2, vikiungwa kwa mfululizo mpaka vifikie volti 244.8. Vibati vya shaba vinavyoviunga vilikuwa vimeota kutu ya kijani, kazi ya hewa ya pwani. Fundi aliviloweka kwenye siki na chumvi mpaka vikang'aa. Halafu akaanza kupima. Kwa mita peke yake seli zote zilionekana nzima, karibu volti 7.8 kila moja. Akachukua balbu ya taa ya mbele, akaiunga kwenye seli ya kwanza, akahesabu kwa sauti huku akiangalia namba. Ikashuka kidogo na kutulia. Ya pili vilevile. Akaendelea hivyo, akiandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila seli. Alipofika katikati ya safu, balbu ilififia mbele ya macho yetu na namba ikaporomoka. Iliyofuata hivyo hivyo. Zile za pembeni zilikuwa na afya. Za katikati, ambako joto hukaa zaidi, zilikuwa zimechoka.

"Nikitoa hizi mbovu nikaweka nyingine za mtumba, utaondoka leo na taa imezima," akaniambia. "Lakini, dada, hizi zilizobaki zina umri ule ule. Utarudi. Ukinipa pesa kidogo kidogo kila mara, mwisho utakuwa umenunua betri nzima."

Ushauri huo ulimkosesha pesa ya siku ile, na ndio ulionifanya nimwamini kwa mengine yote. Betri mpya ya kiwandani ilikuwa na bei iliyokaribia thamani ya gari dogo lililotumika, na ya kuagiza kwa muda mrefu. Ya mtumba kutoka Japani ilikuwa nafuu, lakini hakuna anayeweza kukuhakikishia imekaa muda gani kwenye yadi. Tukachagua njia ya kati: seti nzima ya seli mpya zisizo za Toyota, za aina ile ile ya nikeli, zikafungwa ndani ya boksi letu la zamani na vibati vyetu vilivyosafishwa. Nililipa kwa awamu mbili. Nilipopiga hesabu na rekodi zangu za mafuta, ambazo kwa mazoea ya kazi naziweka, kile nilichookoa kwenye petroli tangu 2018 kilikuwa kimeshalipia betri hiyo na kubakiza. Gari likarudi kwenye tabia zake za mwanzo wiki ile ile.

Ile betri iliyoogopwa na watu wote ilidumu karibu miaka tisa, mitano ya mwisho ikiwa kwenye joto na vumbi letu. Sina lawama nayo. Nina hakika ingekufa mapema zaidi kama binti yangu asingesikia kiti kikipumua.

Sasa fundi ana vijana watatu wanaojifunza kwake, mmoja wao msichana kutoka VETA ambaye ndiye mwenye mkono mtulivu kuliko wote kwenye kazi ya seli. Glavu ziko mbili mbili. Mlangoni amebandika karatasi inayokataza mtu yeyote kumimina maji ya bomba kwenye tangi dogo la inveta, na kila asubuhi gari la haibridi likilala pale anafungua kifuniko cha tangi hilo, analiweka gari READY, anatazama kama maji yake ya rangi ya waridi yanacheza. Yakitulia, pampu imekufa, na gari haliondoki.

Harrier imevuka kilomita laki mbili na inakwenda. Mwezi huu tunabadilisha oili ya gia, ile ya WS, ambayo wengi huambiwa ni ya maisha yote, na fundi haamini hivyo kwa joto la hapa. Baada ya hapo ni shokapu za mbele, ambazo zimeanza kuvuja tangu safari ya mwisho ya Mafinga. Shokapu ni zile zile za gari lolote, na spea zake zimejaa Kariakoo.